Kondoo Niliyempeleka Mnadani

Vijana wangu mnaojiandaa kutumwa,

Mmeniomba niwaandikie kuhusu furaha katika utumishi wa ugenini. Nadhani mliponichagua mliangalia jina, hamkuangalia uso. Jina langu ni Sekela, ambalo kwa Kinyakyusa ni "furahi". Wazazi walinipa siku ya tatu baada ya kuzaliwa, kabla uso haujakaa sawa. Tangu hapo watu wananiuliza nina tatizo gani. Sina tatizo. Ndivyo ninavyokuwa nikiwa nimefurahi.

Nilitumwa kutoka Rungwe, kwenye mvua na migomba, nikahudumie kina mama na watoto katika kanisa la mabati nje kidogo ya mji wa Kajiado, Kenya. Siku ya kuniaga ilipotangazwa kwamba naenda misheni nje ya nchi, watu walipiga makofi. Ilipotajwa nchi yenyewe, makofi yalipungua. Shangazi yangu alikuwa ameshaniagizia koti la baridi kutoka Ulaya. Nilivuka Namanga na sanduku moja, nikijua nitakaa miaka mitatu. Nilikaa ishirini na mbili, na sasa nimestaafu na nimepanga chumba Kitengela, ambako upepo haujawahi kustaafu.

Nyinyi siku hizi mnatuma ripoti kwa simu. Naziona. Mmesimama katikati ya watoto, meno yote nje, watoto wanaangalia simu. Sisi tulikuwa na fomu. Katibu wetu wa misheni huko nyumbani alikuwa mzee mwadilifu asiyependa kuona nafasi tupu kwenye karatasi. Kila mwezi nilijaza idadi ya ziara, idadi ya waliohudhuria na hali ya afya yangu. Swali la saba lilisema: "Taja furaha uliyoipata mwezi huu, na uliigawa kwa nani."

Mwezi wa kwanza nilijaza: "Hakuna." Fomu ikarudi imeandikwa kwa wino mwekundu: "Jitahidi." Mwezi wa pili nikajaza: "Nimejitahidi. Hakuna." Mwezi wa tatu mvua ilinyesha siku moja, nikaona nisimchoshe mzee wa watu, nikajaza: "Mvua." Akajibu: "Vizuri sana. Na uliigawa kwa nani?"

Kwa hiyo msidhani nimezaliwa na mambo haya. Niliyajifunza kama mtu anavyojifunza kusuka mkeka, kwa kufumua.

Tuanze na viatu, maana ndivyo vitakavyowaaibisha kwanza. Ukija huku usilete viatu vyenye soli ya mifereji. Udongo wa Kitengela ni mweusi, na mvua ikinyesha unakupenda kuliko mtu yeyote atakavyokupenda. Kila hatua unabeba kilo. Nilipotembelea familia moja huko mara ya kwanza, nilifika nimerefuka kwa nusu mkono, na mwenye nyumba akanikabidhi kisu cha mezani kabla hajanisalimia. Nilidhani ni vitisho. Kumbe ni cha kukwangulia tope. Vaa gambuti, na kandambili weka kwenye mfuko.

La pili ni salamu. Siku yangu ya kwanza Kajiado watoto walinijia mmoja mmoja, wakasimama mbele yangu wameinamisha vichwa, kimya. Kwa Wamaasai mtoto humpa mkubwa kichwa chake, naye mkubwa anakiwekea kiganja, salamu imekwisha. Mimi sikujua. Niliwaona wale watoto wameinama kwa unyenyekevu ule nikadhani kuna jambo baya wamefanya wanaliungama. Nikawaambia kwa sauti ya upole kwamba nimewasamehe. Wakaendelea kusimama. Nikawasamehe tena. Mchungaji wetu, Lemayian, kijana wa hapohapo, ndiye aliyekuja akaniokoa. Hakucheka siku ile. Alisubiri mpaka nilipozoea, halafu akacheka kwa muda wa miaka kadhaa.

La tatu ni mahubiri, na hapa ndipo anapoingia Kokoo Nasieku. Kokoo ni bibi, na huyu alikuwa bibi wa watu wengi, mjane, mrefu, mwembamba, mwenye boma lake mwendo wa nusu saa kutoka kanisani. Kina mama tulikuwa tunakutana kwake kila Alhamisi. Nikaona kwa kuwa ni wafugaji, niwape lile fundisho la mtu mwenye kondoo mia aliyepotewa na mmoja, akawaacha tisini na tisa nyikani akamfuata yule. Nililisema vizuri. Nilipofika mwisho nikauliza kama kuna swali, nikitegemea lisiwepo.

Kokoo akainua mkono. "Hao tisini na tisa," akasema, "aliwaacha na nani?"

Nikasema Maandiko hayataji.

"Na fisi?"

Nikasema fisi pia hatajwi.

"Sasa huyo ni mtu anajua kondoo ama hajui?"

Kina mama wote waliniangalia, na haikuwa kwa ubishi. Walitaka kujua. Nilijibu kwamba nitaenda kuuliza, na kwa kweli niliuliza, na kila mwanatheolojia niliyemuuliza alikohoa kwanza. Tangu siku ile sijawahi kumfundisha mfugaji habari za kondoo. Nanyi msithubutu. Wafundisheni habari za samaki.

Lakini Kokoo alikuwa ananiangalia kwa namna nyingine tangu hapo, kama mtu aliyeletewa mnyama ambaye hajui bado kama atapona. Mwisho wa mwaka wa kwanza alinikuta nyuma ya tangi la maji la kanisa, saa nane mchana, nalia. Sikuwa na sababu ya kueleza. Nilikuwa nimekaa miezi kumi na moja bila mtu wa kuniita kwa jina langu. Huko kila mtu aliniita Mwalimu, hata kuku nadhani.  Kokoo alikaa kwenye jiwe, akanyoosha miguu, akasubiri nimalize.

"Wewe huna mtu hapa," akasema.

"Nina Mungu, Kokoo."

"Huyo tuko naye sisi wote. Nimesema mtu."

Wiki ile ile akaja kwangu akivuta kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na kondoo jike, mwekundu, mkia mnene, sikio la kushoto limekatwa pembe tatu, ambayo ndiyo alama ya boma lake. Akanitia kamba mkononi. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba huyu ni wangu kabisa, na kwamba kwao, ukimpa mtu kondoo, jina lako na jina lake yanawekwa kando. Kondoo kwa Kimaasai ni enker. Aliyetoa na aliyepokea wanaitana Paker, wewe kwake na yeye kwako, mpaka mwisho.

"Leo mimi nakuita Paker," akasema. "Wewe unaniita Paker. Hiyo ya Mwalimu wachia wengine."

Nikasema, "Ashe oleng, Paker." Ni asante sana, na ndilo neno pekee la Kimaasai nililokuwa na uhakika nalo. Aliguna akaenda zake. Nilikaa na yule kondoo uani mpaka jua likazama, nikimwangalia, naye ananiangalia, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nivuke mpaka. Nasema wazi ili msidhani ninachezea maneno. Nilikuwa na mtu.

Kwa jinsi nilivyofurahi nikafanya kosa la kwanza, nikajaza fomu. Swali la saba, kwa herufi kubwa: "Nimepewa kondoo na jina."

Katibu akajibu haraka kuliko kawaida yake. Alinipongeza kwa jina. Kuhusu kondoo alinikumbusha kanuni, kwamba mtumishi hatamiliki mnyama wala shamba katika eneo la utumishi, na zawadi ya namna hiyo itolewe madhabahuni. Alinitakia baraka.

Sasa nisikilizeni, maana hapa mtanihukumu. Sikuona ubaya wowote. Kwetu Rungwe, Jumapili ya mavuno watu huleta kuku, ndizi na mahindi, na baada ya ibada vinanadiwa pale nje. Kitu chako kikipigiwa mnada kwa kelele, jina lako likatajwa, ni heshima ya mwaka mzima. Mama yangu aliwahi kutoa jogoo mmoja akamtaja mpaka alipokuwa mzee. Nikasema moyoni, basi nitampa Paker wangu heshima ambayo hajawahi kuipata. Hiyo ndiyo hatari ya mtumishi wa ugenini. Ubaya hausumbui sana. Kinachosumbua ni wema aliokuja nao kwenye sanduku.

Jumapili ya mavuno Mchungaji Lemayian alikuwa amealikwa kuhubiri Oltepesi, hivyo hakukuwa na wa kunizuia. Tulikuwa na kwaya ya wageni kutoka Kitengela, na pamoja nao alikuja Mama Wangeci, mzaliwa wa Nyeri, mwenye buchari yake, yaani duka la nyama, hapo Kitengela, mama mnene wa sauti ya juu. Mnada ulipofika nikatoka mbele na kondoo wangu nimemwogesha. Nikasema kwa nguvu zangu zote: "Kondoo huyu ni zawadi niliyopewa na Kokoo Nasieku!"

Nikasubiri vigelegele. Kule nyuma mtu mmoja alikohoa. Kokoo alikuwa ameketi mstari wa pili na wajukuu wake. Alisimama, akajifunga shuka lake vizuri begani, akatoka nje bila haraka. Nikadhani ameguswa.

Mama Wangeci ndiye aliyemchukua kondoo. Waliobaki walinunua vitunguu kwa huzuni kubwa.

Alhamisi nikaenda bomani kama kawaida. "Takwenya," nikamsalimia. "Iko," akaitika. Halafu akasema, "Karibu, Mwalimu."

Ningeweza kuelewa hapo hapo, lakini nilikuwa mgumu. Nilielewa chai ilipoletwa. Pale kwa Kokoo nilikuwa na kikombe changu cha bati, cha buluu, kilichomeguka rangi ukingoni, na kila nilipokuja nilipewa hicho. Siku ile nililetewa kikombe cha maua, kile kilichowekwa juu ya kabati kwa ajili ya chifu na wakaguzi wa shule. Kilikuwa na kisahani. Nilikinywa chote na sikuhisi ladha.

Jioni ile nikamfuata Mchungaji Lemayian, nikamweleza. Alinisikiliza huku amesimama, kisha akatafuta kiti.

"Ulimuuza mbele ya watu," akasema. "Na ukamtaja jina."

"Nilimuuza kondoo, Mchungaji."

"Kondoo tuko nazo mingi hapa. Hiyo haikuwa kondoo. Hiyo ilikuwa nyinyi wawili." Akafikiri kidogo. "Saa hii iko wapi?"

"Kitengela."

"Kwa nani?"

"Kwa mwenye buchari."

Mchungaji akavua kofia.

Nilijaribu kwanza njia rahisi, ambayo mtaijaribu na nyinyi. Nilikwenda kwa Kokoo kuomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, Rungwe, mavuno, jogoo wa mama yangu, kanuni za Katibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, Mwalimu. Hakuna shida." Kama kuna neno la Kiswahili linaloweza kufunga mlango na kuweka komeo, ni hilo la hakuna shida. Huyu mama hakuninunia. Alinikaribisha kila Alhamisi, aliimba, aliomba, alinipa kikombe cha maua. Nikawa mgeni wa heshima kwake, na sikuwahi kuwa mpweke kama wiki zile. Nilitaka jina langu lirudi. Sikutaka kitu kingine.

Jumamosi moja nikawaacha watoto wa mafundisho wakingoja chini ya ubao wenye mstari wa kukariri, nikashika barabara ya Namanga kwenda Kitengela. Mvua ilikuwa imenyesha. Mnajua habari ya udongo. Niliuliza buchari ya Mama Wangeci, nikaingia nikiwa mrefu kuliko nilivyozaliwa. Yeye alikuwa nyuma ya dirisha la kioo ananoa kisu. Nyama zilikuwa zimening'inia mstari mzima, nami nikaanza kuziangalia moja moja, mpaka nikakumbuka kwamba alama ya Kokoo ilikuwa sikioni, na nyama haina sikio.

"Nikupimie gani, mbuzi ama ng'ombe?" akauliza.

"Samahani, mama yangu. Namtafuta kondoo."

"Kondoo iliisha."

Nilishika meza. "Iliisha lini?"

"Jana. Watu walikuwa na sherehe. Aki wewe unaumwa? Keti hapo."

Nikamwambia kwa shida kwamba namuulizia yule wa mnadani Kajiado, mwekundu, sikio limekatwa.

"Ah! Hiyo ingine?" akasema. "Hiyo sikuchinja. Nilipata iko na mimba, na mimi sichinji mama mjamzito, hata kama ni kondoo. Imezaa juzi. Kuja uone."

Akanipitisha nyuma, kati ya magorofa mawili ya kupangisha, chini ya nguo za watu zilizoanikwa. Kulikuwa na kibanda cha mbao za mabaki, na ndani yake alikuwa amelala yule kondoo wangu, amenenepa, anatafuna jani la kabeji, na ubavuni mwake mtoto mwekundu wa kumweka kwenye kapu. Mama Wangeci akamnyanyua mtoto akamshika kifuani juu ya aproni yenye damu. "Huyu naita Kairitu," akasema. Ni msichana mdogo kwa Kikuyu. Watoto wake mwenyewe walikuwa wakubwa na wote wameenda mbali.

Nikamwomba aniuzie. Akakataa.

"Lakini wewe ni mwenye buchari," nikasema.

"Ndio maana. Ile kitu ni ya kuuza naijua."

Basi nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamweleza yote: tangi la maji, kamba, Paker, kikombe cha maua. Sikulia, ingawa Mama Wangeci amekuwa akiwaambia watu kwamba nililia. Alinyamaza kitambo, na baadaye nilijifunza kwamba hilo halitokei mara mbili kwa mwaka.

"Yaani mimi," akasema, "nilikuja kanisa ya wenyewe, nikanunua urafiki ya mtu, nikaweka kwa pickup, nikaenda nayo nyumbani?"

"Hukujua, mama."

"Na wewe je, ulijua?" Akafunga aproni upya. "Nitairudisha mimi mwenyewe. Kitu kama hiyo haitumwi. Ngoja nifunge duka."

Alifunga duka siku ya Jumamosi, wenye biashara wanajua maana yake. Tukafika bomani saa kumi na moja jioni, kondoo nyuma ya pickup, Kairitu mapajani mwangu, na nusu gunia la majani ya kabeji. Kokoo alikuwa amesimama mlangoni mwa boma. Aliangalia gari, akamwangalia Mama Wangeci, akaniangalia mimi na tope langu.

"Watoto wa Jumamosi," akasema, "umewaacha na nani?"

 Kwa mara ya kwanza nilimwelewa yule mtu wa kwenye Biblia, na nikamwonea huruma.

Kokoo akamsogelea kondoo. Aliangalia sikio, akaangalia meno, akashika kiwele, akamgeuza mtoto juu chini.

"Imekula nini?"

"Kabeji," akajibu Mama Wangeci. "Na sukuma wiki, siku ingine."

"Kabeji," akasema Kokoo, kama mtu aliyeambiwa kondoo amekula magazeti. Kisha akasimama wima. "Mimi sirudishiwi kitu. Nikitoa, nimetoa."

Hapo nilidhani tumekwisha. Nilifungua mdomo nianze habari za jogoo wa mama yangu, lakini nashukuru Mama Wangeci aliwahi.

"Kokoo, mimi sirudishi kwako," akasema. "Mimi nilinunua, na sikujua nanunua nini. Sasa nimejua, na hivyo haiwezi kukaa kwangu. Nampea huyu." Akanitia kamba mkononi.

Nilimkumbuka Katibu. Nilikumbuka kanuni, na namba yake, na ule wino. Kisha nikaishika kamba kwa mikono miwili. Nikamwambia Mama Wangeci kwamba kondoo nimepokea, na mtoto wake, Kairitu, nampa yeye, kwa kuwa ameshampa jina. Mama Wangeci akaweka mkono mdomoni.

Kokoo alitafakari. "Mtoto hawezi kutoka kwa mama yake mpaka aache kunyonya," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

"Na wewe huna boma."

"Sina."

"Na huyu iko na kabeji tu."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo kondoo ni yako. Mtoto ni ya huyu. Na kuchunga ni mimi."

"Ndiyo, Kokoo."

Aliangalia mbali, kule ng'ombe walikokuwa wanarudi. "Sawa," akasema. "Kuja mkunywe chai."

Tuliketi. Mkwewe akaleta chai. Kikombe cha maua, na kisahani chake, alipewa Mama Wangeci. Mimi nikaletewa kile cha bati, cha buluu, kilichomeguka.  Nilikunywa chai ile moyo unanipiga kama wa mwali, na uso wangu, naambiwa, ulikuwa kama wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Lakini jina Kokoo hakulitamka. Sikuuliza. Mambo mengine ukiyauliza yanakimbia. Tulimaliza, tukaaga, tukawa tumeshafika kwenye gari.

"Paker!" akaita nyuma yetu.

Tukageuka wote wawili. Aliyeitika kwanza ni Mama Wangeci.

"Wakati ingine," akasema Kokoo, "kuja na hiyo kabeji mingi."

Mwezi ule swali la saba nilijaza: "Kondoo na mtoto wake. Nimewagawia Paker na Paker." Katibu akarudisha: "Haieleweki. Eleza." Sikueleza. Nilimwandikia tu kwamba nina kondoo mmoja kinyume cha kanuni, na kwamba ninakusudia kuendelea naye. Hilo lilimleta mwenyewe, safari ya siku mbili, na mkoba wenye faili langu. Nilimpeleka kwa Kokoo siku ya Alhamisi. Sijui waliongea nini, maana nilikuwa nafundisha. Nilipotoka nilimkuta Katibu amesimama uani, tai shingoni, ameshika kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na mbuzi. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba sasa lazima aitwe Pakine. Nikamwambia ni kweli, maana mbuzi kwa Kimaasai ni enkine. Kanuni ilirekebishwa mwaka uliofuata.

Kwa hiyo, vijana, mkipewa kitu pokeeni. Mtakuwa mmekwenda na mengi ya kutoa, na mtayatoa, na watu watawashukuru na kuwawekea kikombe cha maua. Hiyo siyo furaha bado. Furaha ilinijia kwa kamba, sikuitafuta, na nusura niiuze kwa ajili ya kuonekana mtumishi mwema. Zaidi ya hapo sijui cha kuwaambia, isipokuwa gambuti.

Kokoo Nasieku ameondoka mwaka huu, baada ya mvua. Mama Wangeci alinichukua kwa pickup, si ile, ya tatu yake, tukafika mapema. Kondoo wenye damu ya yule wetu walikuwa wametapakaa bomani, sikuwahesabu. Kaburini Mchungaji Lemayian, ambaye sasa naye ana mvi, aliuliza kama kuna wa kusema neno, akaniangalia. Nimehubiri miaka ishirini na mbili. Nilisogea mbele, nikafungua mdomo, nikatafuta hata mstari mmoja, haukuja. Kilichotoka ni jina tu.

"Paker," nikasema.

"Ee!" akaitika Mama Wangeci kutoka nyuma, kwa mazoea.

 Kisha mjukuu mmoja akaangua kicheko, akajiziba, wakafuata kina mama wa Alhamisi, akafuata Mchungaji, na Mama Wangeci mwenyewe akacheka huku machozi yanamtiririka. Nami nikacheka. Wako watu pale walionijua tangu utoto wao na hawakuwa wamewahi kuyaona meno yangu, wakayaona siku ile. Tulipomaliza kufukia tukaingia ndani, na yule mkwewe akatuletea chai. Mimi alinipa kile cha bati. Mama Wangeci naye siku hizi ana chake.